Sulisuli wa Shangazi Niyomwungere

Kama siku ile Louise angeleta sokoni migebuka wakubwa wawili badala ya mmoja, mimi ningekuwa nimeshalala na nyinyi mngekuwa mnasoma kitu kingine cha maana. Lakini alileta mmoja.

Soko la Kasulu lilikuwa limefurika, na vumbi jekundu la Agosti limewapaka watu wote rangi moja, tajiri na maskini. Louise, mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, alikuwa amepanga migebuka wake wakavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, juu ya gunia, wadogo pembeni na yule mkubwa katikati kama bwana harusi. Mkono mmoja ukamshika mkia. Mkono mwingine, ukitokea upande wa pili wa gunia, ukamshika kichwa.

Mwenye mkia alikuwa Safina, muuza vitenge. Siku hiyo alivaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, kimeshonwa kikamkaa, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Mimi sisemi kwamba alikuwa mzuri. Nasema tu kwamba wauza nyanya wa pale walikuwa wakisahau wamefikia fungu la ngapi kila alipopita.

Mwenye kichwa alikuwa Khatibu, fundi wa injini kutoka Kibondo, aliyeteremka Kasulu kutafuta vipuri. Shati la bluu limepigwa pasi hadi kwenye kola, kucha zina grisi, na meno aliyatoa yote mara alipomwona anayeshindana naye.

“Dada, samaki huyu nimemwona tangu nashuka kwenye basi.”

“Basi ungeshuka mapema, kaka.”

“Lakini nimemshika.”

“Umeshika kichwa. Huko kuna mifupa na macho. Nyama iko huku kwangu.”

Louise alikuwa anawatazama kwa huruma, si kwa ajili yao, kwa ajili ya samaki. “Ninyi mutanivunjia,” akasema. “Mumoja aachilie, ao mulipe bote.”

Khatibu akauliza samaki anakwenda kuliwa na nani. Safina akamweleza kwamba ni wa shangazi yake, anakaa Heru Juu, ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na kwamba mgebuka mkubwa ndicho kitu pekee kinachomfanya shangazi huyo anyamaze. Khatibu akacheka. Wake alikuwa wa mama yake, lakini akaanza kufungua vidole, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu asiyetaka samaki asikie.

“Mpelekee shangazi. Mama nitamwambia nilikuta samaki ana mwenyewe,” akasema. “Ila mwenyewe anipe namba ya simu, nijue kama aliiva.”

Safina akampa. Angefanyaje? Mtu kamwachia samaki.

Aliiva. Simu ikapigwa jioni hiyohiyo kuuliza, ikapigwa kesho yake kuuliza kama mifupa haikumkwama shangazi, na keshokutwa ikapigwa bila kisingizio chochote. Kibondo na Kasulu si mbali kwa mtu anayependa. Khatibu alianza kugundua kwamba vipuri vyote vya dunia vinauzwa Kasulu. Injini nzima ya mashine ya kusaga alikuja kuinunulia boliti moja. Walikuwa wakikaa nyuma ya meza ya vitenge, kati yao robota la vitambaa kwa ajili ya heshima, wakinywa soda na kutaniana. Yeye alimwita Safina “mwenye mkia”. Safina alimwita “kichwa kitupu”. Ukisikia watu wanaitana hivyo na hawagombani, jua posa iko njiani.

Na posa ikaja. Wazee wa Kibondo walileta doti za kanga na kilemba, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Shangazi Niyomwungere, ambaye jina lake la msikitini hata yeye hulitafuta akiulizwa, alikipokea kifurushi akakiweka juu ya kabati. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema kijana aende kwanza akahangaike, arudi na kitu cha jasho lake, ndipo kifurushi kitashuka.

Wakati ule Khatibu alikuwa na ami yake huko Watamu, mji wa pwani ya Kenya, mzee aitwaye Salumu, nahodha wa boti za kuwavulisha watalii. Salumu alikuwa anatafuta fundi wa injini kwa msimu mmoja. Khatibu akakubali. Siku ya kuaga alipiga magoti mbele ya shangazi, akapigiwa makofi ya salamu, na kwa furaha ya ujana akatamka neno ambalo lilikuja kumtesa.

“Shangazi, ninakwenda kwenye mji wa samaki. Nitakuletea samaki ambaye Heru Juu haijawahi kumwona.”

Shangazi hakuandika popote. Watu wa aina yake hawahitaji kuandika.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Safina alikuwa anafungua meza asubuhi, anakunja vitenge, anavikunjua, anavikunja tena. Alimwomba Khatibu amrekodie sauti ya bahari, kwa sababu bahari yenyewe alikuwa hajaiona. Khatibu akaanza kumtumia kila jioni: maji yanavyopiga ubavu wa boti, kisha sauti yake kwa chini, “Umeisikia, laazizi? Inauliza habari zako.” Safina alisikiliza ameweka simu sikioni hata pale wateja walipokuwa wanapatana naye bei. Alikubali bei yoyote. Siku hizo wanawake wa Kasulu walivaa vizuri kwa bei nafuu sana.

Kisha ikaja picha.

Khatibu kavaa fulana nyeupe, kaungua jua, anacheka. Amebeba samaki. Lakini samaki gani. Mrefu kupita mlango, bluu ya kuwaka kama kanga mpya, mdomo kama sindano ya kushonea magunia, na mgongoni ana pezi limesimama kama pazia. Chini aliandika kwamba anaitwa sulisuli.

Shangazi alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Picha ikazunguka Heru Juu yote, juu kwenye mihogo na chini kwenye maharage. Jirani yake Uwimana akauliza samaki huyo atafikaje, mzima au vipande. Shangazi akasema vipande, mzima konda atamkataa. Akaazima sufuria kubwa ya msiba. Akaagiza ndimu.

Mzigo wa Khatibu ulipofika kwa basi, majirani walikuja na sahani zao, wamezificha ndani ya kanga kwa adabu. Shangazi akafungua. Halua. Achari ya maembe. Kanga mbili nzuri, zenye harufu ya udi. Akachimba hadi chini. Akazikung'uta kanga. Kisha akaomba simu, na akataka iwekwe sauti ya juu.

“Mwanangu, mzigo umefika, asante. Samaki yuko basi linalofuata?”

“Samaki gani, shangazi?”

“Yule wa kwenye picha. Mwenye pazia.”

“Aa, yule. Yule tulimrudisha baharini.”

Sahani zikagongana ndani ya kanga.

“Alikuwa mgonjwa?”

“Hapana, mzima kabisa.”

“Haliwi?”

“Analiwa, shangazi, tena wanasema mtamu. Ila huku wageni wanavua kwa ajili ya kufurahi tu. Wakishamvuta hadi kwenye boti, wanapiga picha, anawekewa kidude chenye namba, anaachiwa.”

Shangazi akairudisha simu kwa Safina kwa vidole viwili. “Kasema mtamu,” akasema. “Mmesikia nyote. Kamuonja.”

Na hapo ndipo akili ya Heru Juu ilipofanya kazi yake. Hakuna hata mmoja pale, na mimi naapa hata wewe usingekuwa tofauti, aliyeweza kukubali kwamba mtu mwenye akili timamu anavua samaki mkubwa kama mlango kisha anamrudisha. Kwetu mtu akishuka ziwani huku juu wanamngoja na moto umewashwa. Asipoleta, maana yake kapeleka kwingine. Na samaki wa ukubwa ule hapikwi na mwanamume kapera kwenye jiko la chai. Anataka sufuria, anataka nazi, anataka mtu wa kukuna nazi hiyo. Shangazi aliinua picha tena, akaisogeza karibu na dirisha.

“Na huu mkono kwenye mkia ni wa nani?”

Pembeni kabisa ya picha, pale ambapo kioo cha simu kilikuwa na ufa, kulikuwa na vidole vimeshika mkia wa sulisuli. Kucha nyekundu.

Safina hakuwa mjinga. Hadithi ya sufuria alikuwa anaicheka moyoni. Lakini mkia ule. Mkia ndio uliokuwa wake tangu siku ya kwanza, na sasa kuna mwenye kucha nyekundu kaushika. Alitoka nje, akapiga.

“Mkono wa nani ule, Khatibu?”

“Wa mgeni, yule aliyemvua. Ni bibi wa Kitaliano, mpenzi. Makamo ya shangazi.”

“Bibi wa makamo ya shangazi, apake kucha rangi, apande ndege, aje avue samaki mkubwa kama yule, halafu amrudishe.”

“Ndiyo.”

“Khatibu, nitungie uongo mzuri kidogo.”

“Nikitunga utaniamini?”

“Ningejaribu,” Safina akasema, na akakata simu kabla hajasikika analia.

Baada ya hapo hakupokea. Khatibu alipiga asubuhi, alipiga mchana, alimpigia hata Louise sokoni, akaambiwa binti yuko pale lakini anahesabu vitenge na hataki kuvurugwa. Jioni zile sauti za bahari ziliendelea kuingia. Safina alikuwa ameapa hatazifungua. Alizifungua zote. Khatibu hakuwa akijitetea tena, alikuwa anaacha maji yaseme, na mwishoni jina lake tu: “Safina.” Akisikia hivyo, alikuwa anabana kichwa kwenye robota la vitambaa, lile la heshima, akabaki hapo hadi mteja akohoe.

Maharage yalipovunwa shangazi akasema imetosha. Kulikuwa na mwanamume wa Mabamba mwenye duka la mabati, mjane, mpole, ambaye alikuwa anapita pita na pikipiki mbele ya nyumba akijifanya amepotea. Kifurushi cha Kibondo kishuke kabatini kirudi kwao, na njia iwe wazi.

Safina aliomba jambo moja. “Nikirudishe kwa mkono wangu, shangazi. Nimtazame usoni.”

Alitegemea kukataliwa. Lakini shangazi Niyomwungere alikuwa na tamaa yake ya siri, ambayo hakuwa amemwambia mtu: alitaka kuiona hiyo sufuria. Akauza mbuzi, wakatafuta vibali, kifurushi cheupe wakakitia kwenye mkoba, wakapanda basi.

Sitawachosha na safari. Ukitoka Kasulu hadi Dar, Dar hadi Mombasa, kisha kule mbele, miguu inavimba, na shangazi alikuwa ameshawajua abiria wote kwa koo zao na kuwasuluhisha wawili waliokuwa na ugomvi wa shamba.

Watamu iliwapokea kwa joto la sufuria lenye mfuniko. Mchanga mweupe wa kuumiza macho, maua mekundu juu ya kuta, bajaji zimepakwa rangi kama keki, na vijana weusi kama sisi wanaosalimia kwa Kitaliano. Mmoja akamwambia shangazi, “Ciao, mama.” Shangazi akamjibu kwa salamu ya kwao, “Amahoro,” na wote wawili wakaridhika.

Mzee Salumu alistuka kuwaona, lakini mtu wa pwani hafukuzi ugeni. Alisema Khatibu yuko majini, atarudi alasiri, wapumzike. Shangazi akasema hajachoka, angependa kuona kijana anakaa wapi. Akafunguliwa chumba.

Safina alisimama mlangoni. Kitanda cha kamba. Shati la bluu, lilelile la sokoni, limetundikwa msumarini. Ukutani kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege weupe, kile ambacho Safina alimkatia Khatibu apangusie grisi, akidhani kilitupwa zamani. Shangazi alipita moja kwa moja hadi kwenye jiko. Akainama. Akainua sufuria, iliyokuwa moja tu, akaigeuza.

“Hii,” akasema, akiwa kama mtu aliyedhulumiwa, “haipiki hata jicho la yule samaki.”

Khatibu alipofika alikuwa na chumvi kwenye nyusi. Alimwona Safina, akasimama na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Walitazamana hivyo. Wote wawili walikuwa wamekonda, na kila mmoja aliona kukonda kwa mwenzake akafurahi, Mungu awasamehe.

“Umekuja,” akasema.

“Nimekuja kurudisha,” Safina akasema, akamwonyesha mkoba.

Khatibu aliutazama mkoba. Hakubembeleza. Aliomba tu kwamba kabla hakijatolewa, kesho asubuhi wapande boti, kwa sababu yule bibi bado yupo na atavua. Baada ya hapo wakitaka kumpa kifurushi, atakipokea kwa mikono miwili.

Shangazi alikuwa ameapa tangu utoto kwamba hatakanyaga maji yasiyo na ng'ambo. Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye boti, amevalishwa koti la kuelea juu ya kitenge chake, rangi ya chungwa juu ya zambarau, anang'aa kama sherehe ya watu wawili. Bibi wa Kitaliano akaja na kofia ya majani. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama ya shangazi kabisa, mishipa juu, madoa ya uzee, na mwishoni kucha nyekundu. Safina akaangalia kucha zile, kisha akaangalia pembeni, masikio yanawaka moto. Khatibu alikuwa kwenye injini, na alikuwa muungwana, akajifanya anakaza boliti.

Nchi kavu ilipopotea, shangazi aliipa bahari chai yake yote ya asubuhi. Kisha kamba moja ikalia. Fimbo ikapinda. Mbali kule nyuma, sulisuli akaruka, bluu, pezi wazi, akatingisha kichwa hewani kama anayekataa posa. Bibi alikaa kwenye kiti akavuta, akapumzika, akavuta, jasho linamtoka, na shangazi Niyomwungere, ambaye hakujua neno la Kitaliano, alikuwa nyuma yake amemshika kiuno anamwambia avute, dada, avute, asimwache.

Samaki akafika ubavuni mwa boti. Khatibu akainama, akavaa glavu, akamshika mdomo ule wa sindano. Akamtoa ndoano. Akamvisha kile kidude chenye namba karibu na pezi.

“Mnamvisha hereni?” shangazi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kuelewa na inakataa.

Samaki alikuwa amechoka, rangi imefifia, analala ubavu. Salumu akapunguza mwendo, boti ikawa inatambaa tu. Khatibu alilala kifudifudi pembezoni, mikono yote majini, anamshikilia samaki aelekee mbele ili maji yampite mdomoni. Hakumwachia. Alikaa hivyo, anamsemesha kwa chini maneno ambayo Safina aliyatambua, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiyasikia jioni kwenye simu. Polepole ule ubluu ukarudi. Pezi likasimama.

Safina alikuwa amechuchumaa karibu naye bila kujua amefikaje pale.

“Kwa nini unamshika muda wote huu?”

“Ukimwachia kabla hajapata nguvu, anazama.”

Kisha vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine, polepole. Safina aliwahi kuviona vikifunguka hivyo mara moja tu, juu ya gunia la Louise. Mkia ukapiga, maji yakafunga.

Shangazi alibaki anatazama mahali pale palipokuwa na chakula cha kata nzima. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mpaka leo hakuna ajuaye yalikuwa ya nini. Bibi wa Kitaliano alimshika mkono. Wakakaa hivyo, kucha nyekundu juu ya kucha za jembe.

Kifurushi hakikutolewa mkobani. Waliporudi nchi kavu shangazi alisema tu kwamba mbuzi wake hakuuzwa bure, na kwamba msimu ukiisha, mvua za masika zikianza, Khatibu aje Heru Juu na wazee wake wapange siku. Mwenye duka la mabati Mungu atampa mwingine.

Siku ya kuondoka Khatibu aliwasindikiza hadi kituo cha mabasi Mombasa. Walikuwa wamekaa pamoja siku chache mno, tena na shangazi katikati. Safina aliingia akakaa dirishani, akatoa mkono nje, naye Khatibu akaushika kwa mikono yote miwili. Msimu ulikuwa bado una miezi. Injini ikawashwa, konda akapiga ubavu wa basi, watu wakaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa, naye bado kaushika, anatembea taratibu pamoja na basi.

Shangazi akainama juu ya mapaja ya Safina, akatoa kichwa dirishani.

“Khatibu, mwanangu,” akasema. “Mwachie. Keshapata nguvu.”

Heru Juu walikuwa wanangoja, sahani tayari. Safina alitegemea shangazi aeleze yote: boti, hereni, samaki alivyokwenda zake. Lakini shangazi Niyomwungere aliwatazama majirani zake mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna atakayeamini hata nusu, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu iliyovimba.

“Tulimla,” akasema. “Mtamu sana. Ila ana miiba.”

Uwimana akauliza kama hawakubakisha hata kipande cha kuonja. Safina akatoka nje upesi, kabla kicheko hakijamponyoka. Jua lilikuwa linazama kwenye migomba na simu ikatetemeka ndani ya kitenge chake. Akaiweka sikioni. Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti, tena na tena, na safari hii Khatibu hakusema chochote, hata jina lake. Safina akasikiliza hadi mwisho. Kisha akairudisha mwanzo.